Unga wa Mizizi

"Mbolea yako imechoma maua yangu!"

"Hii mbolea imekaa kwa boma mpaka ikapoa. Nani mwingine imemchomea?"

"Usinibishie, Nasieku! Uliniletea mbichi. Angalia, petunia zote zimelala."

"Mama Sheryl, unaniharibia jina. Jana wamama wa kanisa wamenirudishia magunia. Watoto wangu watakula nini?"

Sheryl alikuwa ameinama kando ya tangi, akijifanya anaosha ndoo. Kila asubuhi kabla ya shule alimsaidia mama yake kumwagilia miche ya maua waliyouza kando ya barabara, hapo Kitengela. Leo ndoo ilishatakata zamani, lakini mkono haukuacha kusugua.

Alijua kilichoangusha yale maua. Siku ya kuhamisha miche, mama alimpa pakiti ya unga wenye kuvu. Si kuvu inayoharibu mahindi, ni ile nzuri inayoshikana na mizizi na kuisaidia kutafuta maji mbali. "Weka ndani ya shimo, uguse mizizi," mama alimwambia. Lakini wenzake walikuwa wakimwita wakacheze mpira wa kati. Sheryl akapanda mbio mbio, kisha akanyunyiza unga juu juu, ukaungulia hapo juani. Alipoulizwa akajibu, "Nimeweka kwa mizizi yote." Mama akaamini, akapunguza maji, maana maji ni ya kununua.

Nasieku alianza kumfungia punda magunia yake ya mbolea ya kuuza. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Mama, si mbolea," Sheryl akasema, akiiweka ndoo chini. "Ni mimi. Ule unga niliumwaga juu. Nilikudanganya."

Mama aling'oa mche mmoja. Mizizi ilikuwa mifupi, haijaenda popote. Akaketi juu ya kreti.

"Wewe mtoto! Na mimi nimemchafua mtu mpaka kanisani!" Akamgeukia Nasieku. "Dada yangu, nisamehe. Jumapili nitasimama mbele yao niseme ukweli. Na huyu atapanda upya, mche kwa mche, unga ukiwa kwa mizizi."

"Maua yatashika," Nasieku akasema. "Lakini sikia, Sheryl. Kazi ukiilipua, unaweza kuirudia. Uongo ukishatoka unaingia kwa nyumba ambazo wewe hutafika. Ungesema siku ile ile."

"Pole, yeyo," Sheryl akanong'ona, akimwita mama kwa Kimaasai.

Nasieku alishika kamba ya punda, akageuka, akaenda zake.