Mkate Uliotolewa Tumbo

Mvua ilishika soko la Kasongo ghafla. Latifa alikimbia, kitenge chake cha rangi ya machungwa kimepandishwa magotini, akaingia chini ya turubai la Hemedi na kupiga teke ndoo ya matango.

"Mama, unabomoa jiko yangu!"

"Mi niko mugeni mu soko hii. Unauza nini?"

"Bauru."

"Ni dawa?"

Hemedi alicheka. Bauru ni mkate wa Brazil. Alifundishwa kuutengeneza na fundi Mbrazili wa mgodini, ambaye yeye Hemedi aliwahi kumpikia huko Salamabila. Alimpa Latifa mmoja ndani ya karatasi. Latifa akauma, jibini ikavutika kama uzi mpaka kidevuni.

"Unatengeneza namna gani?"

"Ile iko siri. Ukitaka kuijua, tuoane kwanza."

Kuanzia hapo simu zilikuwa haziishi.

"Alo, bwana wa mikate!"

"Alo, sukari yangu. Umekula?"

"Nimekula bugali. Lakini roho iko inataka mukono yako."

Latifa alikuwa ameolewa zamani, mumewe akamrudisha kwao kwa sababu hakuzaa. Hemedi alilijua hilo na halikumsumbua. Kosa lake ni kwamba hakumwambia Latifa hivyo.

Siku ya posa alituma kikapu cha bauru kwa wakubwa wa Latifa. Shangazi Aziza alifungua mmoja aone ni nyama gani, akakuta mkate umechimbwa ndani. Akapiga kelele.

"Muone! Mukate imetolewa tumbo! Huyu mwanaume anatuambia mutoto wetu iko mutupu!"

Latifa akachukua simu.

"Hemedi, ulitoa tumbo ya mukate?"

Hemedi alikuwa kwenye jiko lake, marafiki wamemzunguka. Alidhani anachimbwa siri yake ya upishi.

"Nilitoa."

"Sababu gani?"

"Tumbo haina kazi, sukari. Mi ninaitupaka inje."

Akacheka, na wenzake wakacheka. Simu ikakatika.

Alipiga tena na tena; namba haikupatikana. Kwao Latifa walimwambia tu kwamba amehamia Kabambare na hataki kumwona. Hemedi naye akanuna, akajiita mtu aliyedharauliwa. Ulipita mwaka na zaidi ndipo Aziza, amekuja kununua nyanya, alipomtupia sokoni maneno yale ya mkate uliotolewa tumbo na mtoto wao mtupu, bado ana hasira. Hapo Hemedi akaelewa, akaacha wateja wamesimama. Alifunga jiko lake nyuma ya pikipiki, akaenda Kabambare.

Alimkuta Latifa mbele ya duka la vitenge, gauni la buluu, mtandio mweupe. Amenenepa kidogo.

"Umefuata nini, bwana wa mikate?"

"Ukae uone. Kisha unifukuze."

Akawasha makaa. Akapasua mkate, akachomoa ule ulaini wake wa ndani, lile tumbo, kwa vidole. Akapanga nyama ya ng'ombe iliyochomwa, vipande vyembamba, nyanya, na matango yaliyolala ndani ya siki. Jibini aliiweka kwenye maji ya moto yasiyotokota, akaigeuza polepole mpaka ikalegea, akaimimina katika lile shimo.

"Ona. Tumbo ikibakia, jibini inamwangika inje. Ninaitoa sababu jibini ipate nafasi. Siri ni hiyo tu."

"Sababu ipate nafasi," Latifa alisema.

"Ndiyo."

"Ungenipa hata ile neno moja kwa simu, Hemedi."

"Nilikuwa mujinga. Mi sikutafuta mutoto kwako. Nilikutafuta weye."

Latifa alikula bila haraka, macho barabarani.

"Rudi Kasongo," Hemedi alisema.

"Ayoubu alinioa Ramadani ilipoisha. Duka ni yake. Bibi yake wa kwanza alikufa, akaacha watoto tatu."

"Anakupenda?"

"Anasemaka."

"Kusema ni rahisi."

"Kwako ilikuwa ngumu."

Latifa akakunja karatasi na kuinuka.

"Tengeneza zingine tatu. Watoto wangu wanatoka masomo sasa."

Hemedi akapuliza makaa, akachukua kisu, akapasua mkate wa kwanza.