Video ya Kipa Mbele ya Kioo

Kila nikitoka shule nilikuwa na kazi mbili: kuokota pini sakafuni katika chumba cha kushonea cha mama, kisha kwenda uwanjani na simu kumrekodi dada. Dada yangu ni kipa wa timu ya wanawake ya ligi kuu. Mashabiki humwita Komeo. Nilikuwa nikisimama nyuma ya nyavu na kurekodi penalti zote za mazoezi, naye jioni huzitazama tena na tena, akiandika daftarini mpigaji gani hupenda kona ipi.

Jumatatu moja afisa habari wa klabu, yule anayeendesha ukurasa wao mtandaoni, alinijia akitabasamu.

"Binti, nasikia una video nyingi za Komeo. Nitumie zote. Nitaweka ile aliyookoa penalti mbili mfululizo, na jina lako nitaliandika chini."

Jina langu! Kichwa kikanivimba. Nilimtumia zote bila kuchagua. Kati yazo ilikuwamo moja niliyoirekodi chumbani kwetu, siku dada alipovaa gauni la harusi la mteja ili mama apime pindo. Alijizungusha mbele ya kioo, akatembea kwa madaha, na rafiki yake Mnara, beki mrefu wa timu, akacheka mpaka akakaa chini, kisha akataka nimtumie naye video hiyo.

Kesho yake nilifungua ukurasa ule mbio mbio. Penalti haikuwapo. Lililokuwapo ni gauni, na juu yake maneno: "Kumbe kipa wetu ni mrembo! Nani atamuoa?" Maoni yalikuwa mamia kwa mamia. Mmoja alisema sura ile inapotea bure golini. Mwingine alisema aache mpira akalee watoto. Hakuna hata mmoja aliyetaja kwamba msimu mzima amefungwa mabao manne tu. Jina langu nalo halikuwapo. Nilijua nimechezewa shere, na nililia kwa hasira.

Dada alirudi amevimba macho. "Ukimtoa mama, chumbani tulikuwa watatu," aliniambia. "Wewe mtoto, huna shughuli na wakubwa wa klabu. Ni Mnara huyu. Nimekula naye sahani moja, kumbe ananiuza!"

Nikasema, "Labda." Neno hilo linanichoma hadi leo.

Jumamosi kulikuwa na mechi. Kipa na beki wake hufanya kazi kwa mdomo: dada akipaza sauti "Wangu!", Mnara hupisha; akisema "Toa!", Mnara hubutua. Siku hiyo walikuwa kama mabubu. Dakika ya sabini mpira ulidunda katikati yao, kila mmoja akangoja mwenzake aseme, na straika wa wapinzani akapenya akausukumia wavuni. Tukafungwa bao moja bila. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya nyavu hizo hizo, na nilijua bao lile limetoka wapi.

Mechi ilipoisha niliwafuata mpaka chumba cha kubadilishia nguo. Mnara alikuwa anafungua kamba za viatu huku machozi yanamtoka.

"Ni mimi," nikasema. "Mimi ndiye niliyemtumia afisa habari. Mnara hajui lolote."

Dada alivua glavu. "Wale wa mtandaoni hawanijui," alisema. "Wewe unanijua."

Heri angenipiga. Alimgeukia Mnara akamwomba radhi, na Mnara akauliza, "Hivi kweli uliniona mimi mtu wa namna hiyo?" Dada alikaa karibu naye, wakalia pamoja.

Kocha, mama mfupi asiyependa maneno mengi, alikuwa amesikia yote. Alituongoza moja kwa moja ofisini kwa afisa habari.

"Uliniahidi penalti!" nikamwambia yule bwana. Akaangalia meza.

"Kocha, penalti watu hawaitazami," alijitetea. "Hii ya gauni imetazamwa kuliko mechi zetu zote."

"Fungua ukurasa wa timu yetu ya wanaume," kocha akasema. "Nionyeshe kipa wao akijizungusha mbele ya kioo."

Alitafuta juu, akatafuta chini. Mabao, mikwaju, makombe. Mwisho akaifuta video ya gauni, akaandika maneno ya kumwomba dada radhi, kisha akaweka zile penalti mbili. Tulisimama pale mpaka alipomaliza.

Nyumbani nilimweleza mama kila kitu. Alitoa pini mdomoni ndipo akasema.

"Yule bwana amekosa. Amemfanya dada yako pambo, wakati kazi yake ni kudaka. Lakini mlango amefunguliwa na wewe. Dada yako alikuruhusu wewe umwone akicheza chumbani, hakukutuma uuite mji mzima uje kuchungulia. Picha ya mtu, muulize mwenyewe kwanza. Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo, asije mwingine akabeba lawama yako."

Niliitika, nikaenda chumbani kwetu. Kitanda changu kimo humo, nami sikuwahi kuomba ruhusa ya kuingia. Siku hiyo nilisimama mlangoni nikapiga hodi. Nikapiga tena.

"Simu umeiacha wapi?" dada akauliza kutoka ndani.

"Kwa mama."

"Basi ingia."