Karanga za Uji wa Jumatatu

Jumamosi asubuhi nyumba nzima ya Limbani ilikuwa imekaa chini. Baba, mama na binti walizunguka mkeka mmoja, wanabangua karanga. Dalitso, mtoto wa mwisho, alikuwa na miaka minne. Kazi yake ilikuwa kurusha maganda hewani.

Limbani alikuwa na haraka. Jumapili iliyopita mchungaji alitangaza kwamba Jiko la Huruma la kanisa litafunguliwa Jumatatu. Mahindi yalikuwa yamekwisha majumbani na mvua ilikuwa bado. Watoto wadogo wangepewa uji kila asubuhi mpaka mavuno.

"Nani ataleta karanga za kutia kwenye uji?" mchungaji aliuliza.

Limbani alisimama kabla mwingine hajakohoa. "Karanga ziko juu yangu!"

Watu walipiga makofi. Wanawake walipiga vigelegele.

Familia hiyo ilikuwa ikijitolea pale jikoni kila mwaka wakati wa njaa. Limbani alipasua kuni. Mkewe Zione alikoroga uji. Binti yao Fatsani aliosha vikombe. Lakini kutoa karanga kulikuwa jambo jipya, na Limbani hakutaka kuaibika.

"Mama, vidole vyangu vimekufa," Fatsani alilalamika.

"Ngoja niongeze maji."

Zione alichovya mkono kwenye ndoo akalinyunyizia lundo. Maganda makavu huumiza vidole. Yakilowa hulainika. Mama yake alifanya hivyo, na bibi yake pia. Lundo hilo lilikuwa limelowa tangu Jumatano, likafunikwa kwa gunia.

Karanga zilizonona waliziweka kwenye kikapu kikubwa. Hizo zilikuwa za kuuza. Paa la nyumba lilikuwa la nyasi, linavuja, na Limbani alitaka bati. Karanga zilizosinyaa na zilizobadilika rangi waliziweka kwenye kikapu kidogo.

"Hicho kidogo ndicho cha kanisa," Limbani alisema. "Zikishatwangwa, unga ni unga."

Hakusema hivyo kwa ubaya. Hata nyumbani kwake karanga za namna hiyo zilitwangwa, zikatiwa kwenye mboga.

Baiskeli ilisimama uani. Alikuwa Tamandani, mdogo wake Zione. Alikuwa mhudumu wa afya, anazunguka vijijini kupima watoto uzito.

"Hodi! Shemeji, leo umekaa na wanawake? Nani kakufunga kamba?"

"Karibu, mke mdogo," Limbani alirudisha utani. "Kaa ubangue. Usije hapa kula tu."

"Nile nini? Kwa ubahili wako hata panya wa humu wamehama."

Fatsani alicheka mpaka karanga zikamponyoka. Tamandani naye alikaa, akachota karanga za kikapu kidogo. Alizinusa. Kicheko kikamtoka usoni.

"Dada, mbona zimelowa?"

"Tunazilowesha ili zibanguke upesi."

"Na hizi ni za nani?"

"Za uji wa watoto," Limbani alijibu kwa majivuno. "Nimejitolea."

Tamandani alipasua karanga moja. Ndani mlikuwa na vumbi la kijani. Alimwonyesha kila mmoja.

"Mnaona? Hii ni kuvu. Inapenda unyevu na joto. Ninyi mmeipa maji, mkaifunika gunia. Mmeitandikia kitanda."

"Nitachagua vizuri," Zione alisema. "Kisha tutakaanga, na uji utachemka sana."

"Kuchagua kunasaidia, dada, lakini hizi zimelala na maji siku tatu. Kuvu hutoa sumu. Inaitwa sumukuvu. Huioni, huinusi, na moto wa jiko hauiwezi. Ukichemsha, unakunywa sumu ya moto."

"Sumu!" Limbani aliruka. "Sisi tumekula karanga hizi tangu tumezaliwa. Nimekufa?"

"Hujafa, unapiga kelele tu. Sumu hii haiui upesi, ila ukiila nyingi mno. Inaharibu ini polepole, na baada ya miaka inaweza kuleta saratani. Mtoto anayeila kila siku anaweza kudumaa. Sasa ninyi mnataka kuwapa kila asubuhi mpaka mavuno."

"Kwa hiyo mimi ni mchawi, nawalisha watoto sumu?"

"Sijasema hivyo, shemeji. Nauliza tu, kikombe cha kwanza Jumatatu atakunywa nani?"

Wote walimtazama Dalitso. Alikuwa ameweka ganda puani, anajaribu kulipuliza.

"Baba," Fatsani alisema taratibu, "hizi hatuwezi kuzipeleka sokoni, maana mnunuzi atazikataa. Kanisani zinaendaje?"

"Funga mdomo!"

Fatsani alifunga mdomo. Lakini swali lilikuwa limeshatoka. Limbani alichukua karanga moja mbovu, akaigeuzageuza. Akaitupa.

"Basi hizi mbovu wapewe kuku," alisema.

"Kuku pia inawadhuru. Zichimbie shimo."

"Na hizi zilizonona?"

"Zimelala kwenye maji yaleyale. Siwezi kuziapia. Shimoni."

Zione alishika kichwa. Gunia zima lilikuwa limepotea. Ghalani yalibaki magunia mawili, makavu, karanga zikiwa bado na maganda. Hayo ndiyo yangenunua bati.

"Mume wangu, twende tukamwambie mchungaji tumeshindwa," alisema. "Atatuelewa."

"Na watoto watakunywa nini? Maji ya unga?"

"Lakini bati..."

"Nilisimama mbele ya watu, Zione. Hakuna aliyenisukuma." Limbani aliinuka, akajikung'uta vumbi. "Jumatatu haijahama. Fungua ghala. Gunia moja ni la kanisa."

"Na la pili?"

"Ni mbegu, na mboga yetu. Bati litangoja."

Tamandani hakumtania tena. Alichukua karanga moja kutoka ghalani, akaitikisa karibu na sikio la Limbani. Kokwa ilicheza ndani. Kocho, kocho.

"Ikilia hivi, imekauka. Ikinyamaza, ina maji. Irudishe juani, juu ya mkeka, kamwe siyo chini kwenye udongo."

"Na vidole vyetu?" Fatsani aliuliza.

"Kikundi cha wakulima kina mashine ya mkono ya kubangulia. Wanaazimisha."

Kabla jua halijawa kali, Limbani alikuwa ameifunga mashine kwenye baiskeli ya shemeji yake na kuileta nyumbani. Walibangua Jumamosi yote, bila tone la maji. Limbani alizungusha mpini mpaka mabega yakawaka. Zione alipepeta. Fatsani na Tamandani walichagua moja moja. Iliyosinyaa, nje. Yenye doa, nje. Iliyovunjika, nje. Karanga mbovu zote zilifukiwa nyuma ya choo, pamoja na lundo lile lililolowa.

Jumatatu jiko lilifunguliwa. Limbani alikuwa anapasua kuni wakati mzee wa kanisa, Mzee Chimphonda, alipofika na kikapu kichwani mwa mjukuu wake.

"Nami nimeleta karanga," mzee alisema kwa sauti, ili wote wasikie.

Limbani aliweka shoka chini. Alitia mkono kikapuni. Karanga zilikuwa baridi, zimenyauka, nyingine nyeusi. Alizijua. Zilifanana na zake kama mapacha.

"Mzee, hizi hatuwezi kuzipokea."

"Nini?" Mzee alitoa macho. "Unakataa sadaka?"

"Nakataa kuvu, mzee wangu. Sadaka umeiacha ghalani kwako."

Zione aliacha kukoroga. Limbani hakuinamisha macho, lakini sauti yake ilishuka. Akaeleza kila kitu: maji, gunia, kuvu, ini, watoto. Akamaliza hivi:

"Hata mimi nilikuwa na kikapu kama hiki. Kimelala shimoni. Njoo nikuonyeshe shimo lenyewe kama huniamini."

Mzee alikitazama kikapu chake, akamtwika tena mjukuu. Kisha akaondoka bila kuaga. Watu walidhani amekasirika. Mchana alirudi na karanga kavu, bado zina maganda. Limbani alichukua moja, akaitikisa sikioni. Kocho, kocho.

"Hii inasema," alisema. "Karibu, mzee."

Tangu siku hiyo hakuna karanga iliyoingia jikoni bila kutikiswa na kuchaguliwa. Akina mama waliacha ndoo za maji nyumbani.

Mvua zilikuja. Nyumba ya Limbani ilivuja, naye akapanda juu kuongeza nyasi. Mahindi yalipoanza kukomaa, Tamandani alileta mizani chini ya paa la kanisa. Alipima watoto wote wa jiko. Walikuwa wamevuka njaa, na hakuna hata mmoja aliyepungua. Dalitso alikuwa mzito mpaka Tamandani akaguna kumpakata.

"Shemeji," alimwambia Limbani, "mwanao ametononoka. Lakini nimepita nyumbani kwako, paa bado la nyasi. Bati letu liko wapi?"

Limbani aliwaelekezea kidevu watoto waliokuwa wanaramba vikombe.

"Wamelinywa," alisema, akarudi kwenye kuni zake.