Nilifungua Poti, Siri ya Mama Neema Ikatoka

Je, nimewafungulia wenzangu wa kazini tu, au nimemfungulia kila mtu? Swali hilo lilininyima usingizi...

Nina miaka ishirini na minne. Nimesomea kompyuta, na nimepanga chumba Nangara kwa mjane mmoja, Mama Neema. Baada ya kuzunguka na vyeti mpaka nikakata tamaa, zahanati moja ya hapa Babati ilinipa kazi ya majaribio: kuweka programu ya kutunza taarifa za wagonjwa.

Programu ile hukaa ndani ya kontena, yaani kama chumba kilichofungwa ndani ya kompyuta. Kwenye kompyuta yangu ilifunguka vizuri. Mapokezi na maabara, hakuna kitu! Daktari mfawidhi akaanza kuniangalia kwa jicho la pembeni. Ningefukuzwa hata kabla sijaajiriwa?

Nikamwita mchumba wangu, Elibariki, fundi kompyuta mwenye duka mjini. Akaangalia, akacheka.

"Wewe nawe! Chumba hakina mlango, watu wapite wapi? Fungua poti, ndiyo mlango wenyewe, kwa mashine zote, mambo yaishe."

"Na waifai ya wagonjwa? Si ni mtandao huohuo? Halafu nenosiri sijaweka bado..."

"Utaweka baadaye. Nani wa hapa atajua? Bibi wa kijijini Mutuka mwenye kiswaswadu cha kubonyeza?"

Nikafungua. Mapokezi wakashangilia! Nami nilitabasamu. Nenosiri nilisema kesho, na kesho yake nikasema kesho...

Jumapili baada ya ibada, Elibariki alikuja kwangu kunywa chai. Mama Neema akapita uani na ndoo yake, akatusalimia. Alipopita, mchumba wangu akaninong'oneza huku akicheka:

"Mwambie asiruke dozi. Zile dawa ni za maisha."

Nikaweka kikombe chini. Mimi mwenyewe sikuwahi kufungua taarifa za mama yule pale zahanati!

"Umejuaje?"

"Si nilikaa na simu kwenye benchi la wagonjwa siku ile nakusubiri? Kwa waifai yao nilichungulia tu. Acha kuwaza sana, bwana!"

Alichungulia tu! Mama anayenipakulia makande ninapoumwa, siri yake imegeuka kichekesho cha chai! Na kama Elibariki ameona, ni nani mwingine ameona?

Nikawaza: nifunge kimyakimya? Kazi ingebaki. Ndoa ingebaki. Mama Neema asingejua kamwe... mpaka siku aisikie bombani, kwenye midomo ya watu!

Ndugu zangu mnaosoma, hasa mnaoanza kazi, mkiambiwa "fungua tu, nani atajua", kataeni! Kama hujui nani anaweza kuingia, usifungue. Na anayecheka ugonjwa wa mwenzako, usimwite mchumba.

Jumatatu, foleni ikiwa imejaa, nilizima kontena. Mapokezi wakapiga kelele. Nikaenda kwa daktari, nikamweleza yote.

Akaniuliza: "Mama mwenyewe amejua?"

"Bado, Daktari."

"Tutakwenda wote. Lakini atakayeanza kusema ni wewe."

Kazi kama ipo au haipo, sikuuliza. Njiani nilimwomba daktari asimamishe gari kwenye duka la Elibariki. Nikaweka pete yake ya uchumba juu ya kaunta, nikatoka akiwa bado ananiita kwa jina langu.

Mama Neema alikuwa anapepeta mahindi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona na daktari? Kuna mgonjwa?"

Nikapiga magoti kwenye pumba, nikaanza kumwambia.