Kisu Ndani ya Halua

Kila asubuhi kabla ya shule, Raiya hukaa barazani kwao Mambrui akichana miyaa ya kusukia mikeka kwa kisu kidogo cha kukunja. Mpini wake ni wa mpingo, umelainika kwa viganja vya marehemu babu yake. Kwa kisu kile miyaa hutoka myembamba kama uzi. Ndiyo maana Raiya alichaguliwa kwenda kusuka mkeka mbele ya waamuzi wa maonyesho ya shule, Nairobi.

Siku ya safari, Bibi Mahfudha alimwambia, "Kila chenye makali kiende kwenye sanduku kubwa. Siku hizi sheria za ndege zimekazwa."

"Na masanduku nayo hupotea," binamu yake Zayd akachokoza. "Utachana miyaa kwa meno!"

Moyo wa Raiya ulishtuka. Bibi alipokwenda kujitanda buibui, Raiya alikididimiza kisu katikati ya kibweta cha halua ya zawadi. Nani atafukua halua?

Kwenye uwanja wa ndege wa Malindi, mbele ya Raiya na Bibi, mzee mmoja aliweka mkoba wake kwenye mashine ya ukaguzi. Raiya alichungulia kioo cha kompyuta ya afisa, akabaki kinywa wazi. Tasbihi ilionekana punje kwa punje. Hata miiba ya ng'onda, samaki wakavu waliofungwa ndani ya gazeti ilionekana, mmoja mmoja!

"Subhanallah!" alinong'ona. Mashine ile ilikuwa inaona hata yaliyofungwa.

Kibweta chake kilikuwa kimeshaanza kwenda kwenye mkanda wa mashine. Alikidaka.

"Shikamoo, bi afisa. Mna kisu humu."

"Marahaba. Humu wapi?"

"Ndani ya halua."

Mtu nyuma alikohoa kwa kicheko. Afisa, kwa jina Monicah, hakucheka. "Nani alikitia?"

"Mimi. Bibi hajui. Ni cha marehemu babu, niliogopa kisipotee." Machozi yalimlengalenga. Bibi alijishika mdomo.

Monicah alikichomoa kisu, kikavuta utepe mrefu wa halua. "Mashine ingekitaja kabla yako, ningekichukua, tena maswali yangekuwa marefu, na ndege haingojei mtu. Lakini umesema mwenyewe. Bibi, lete sanduku." Walikifuta, wakakiviringisha kwa leso, kikaenda kusafiri chini, tumboni mwa ndege.

Angani, Raiya aliuona mto Sabaki ukimwaga maji mekundu kwenye bahari ya buluu. Mambrui yote ilitosha kufunikwa kwa kiganja. Alisahau hata kuogopa.

Nairobi, sanduku lilikuja likizunguka pamoja na mengine. Raiya alikipapasa kisu ndani ya leso, akashusha pumzi.

Jioni Bibi alifungua kibweta mbele ya wenyeji. "Na tundu hili, tuseme ni panya?"

"Ni mimi, Bibi. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Ila ushike hili, mjukuu wangu: mashine ile huona chuma, haioni nia. Nia huisema mwenyewe, tena mapema."

Kesho yake Raiya alikunjua kisu mbele ya waamuzi. Miyaa ilitoka myembamba kama uzi, yenye harufu ya iliki ya halua.