Yeye wa Kike

Ngazi ya umeme ya stesheni kuu ilikuwa imesimama, na watu waliipanda kwa miguu huku wakiilaani kwa lugha ambayo mwalimu alikuwa na miezi mitatu tu ya kuijua. Alivaa koti la rangi ya haradali lililompita magoti, skafu ya kijani, na viatu vilivyombana kidole gumba. Begani alining'iniza begi lenye madaftari ishirini na nane ya kusahihisha. Pembeni, nyuma ya uzio wa manjano, fundi mmoja alikuwa ameingiza kichwa na mabega ndani ya tumbo la mashine. Iliyobaki nje ni miguu tu.

"Na huyu naye," mwalimu alisema kwa Kiswahili, bila kupunguza sauti, kama mtu aliyezoea kutoeleweka, "kajichimbia humo kama panya ndani ya gunia, sisi huku tunakatika magoti."

Miguu ikatikisika.

"Panya anakusikia, dada."

Begi likamponyoka. Fundi alitoka kinyumenyume, ovaroli ya rangi ya chungwa, grisi shavuni, meno yote nje.

"Jamani, samahani kaka. Sikujua."

"Hukujua nini? Kwamba panya ana masikio?"

"Kwamba nchi hii kuna mtu wa kunielewa."

"Kwa hiyo umewasema watu miezi mingapi?"

"Mitatu."

"Pole sana. Yote yamepotea hewani. Anza upya, mimi nasikiliza."

Alimwokotea madaftari, akaacha alama ya vidole vyake vyeusi kwenye kila jalada. Mwalimu hakuzifuta.

Fundi alikuwa na miaka sita katika nchi ile, akitengeneza lifti na ngazi za umeme. Mwalimu alikuja kwa mkataba wa mwaka mmoja kufundisha Kiingereza kwenye chuo kidogo cha lugha, ghorofa ya tatu, juu ya duka la mapazia. Wenyeji walitaka Kiingereza ili wapate kazi kwingine. Fundi naye alikitaka: bila cheti asingepandishwa kuwa mkaguzi. Wiki mbili baada ya stesheni alikuwa amekaa kiti cha nyuma kila Jumanne alasiri, shati limepigwa pasi hadi mikunjo inakata.

Jumamosi zilikuwa zao. Mji ule ulikuwa na laini tisa za treni, nao wakakubaliana kufika mwisho wa kila moja na kushuka, hata kama hakuna kitu. Laini ya kwanza iliishia kwenye mji wa kiwanda cha vioo, ambako walinunua bilauri iliyopinda. Ya nne iliwafikisha kwenye daraja refu ambalo mto wake ulikuwa umehamishwa. Ya sita ilikwisha kwenye machimbo ya chumvi. Waliposhuka chini mwalimu alilamba ukuta, mlinzi akamfokea, na fundi akamtafsiria mlinzi kwamba huyu ni mtafiti. Fundi alibeba mayai ya kuchemsha, mwalimu chupa ya chai. Waliporudi simu hazikulala.

"Umefika, mtafiti wa chumvi?"

"Nimefika, panya wangu. Ulimi bado unawasha."

"Ungenilamba mimi, nina chumvi ya jasho tele."

"Hebu! Mwanafunzi unamwambia mwalimu maneno hayo?"

"Nikatie alama, mpenzi."

Alama alizikata kweli, kwa sababu ya neno moja. Kiswahili kina *yeye* mmoja, naye anamtosha baba, mama, daktari na mwizi. Kiingereza kimempasua mtu huyo vipande viwili, wa kiume na wa kike, na ukichanganya unachekwa. Kwa fundi dunia nzima ilikuwa ya kiume. Siku alipomfanya shangazi wa mwalimu kuwa mwanamume mbele ya darasa, mwalimu aligonga meza.

"Fundi, wanawake nao wapo duniani! Ukiwa na shaka, andika wa kike, nitakusamehe."

Darasa lilicheka. Fundi aliinama, akaandika sentensi hiyo ndani ya jalada la daftari lake na kuipigia mstari.

Zilipobaki laini mbili, chuo kilimpa mwalimu fomu: uendelee mwaka wa pili au urudi nyumbani. Jibu Ijumaa, mwisho saa sita mchana. Alikuwa ameshaamua kubaki, na sababu haikuwa chuo. Alisubiri tu kumwambia fundi Jumamosi, ndani ya treni.

Jumanne alikusanya insha. Kichwa chake kilikuwa "Mtu Ninayeishi Naye". Kuhusu makazi, fundi aliwahi kumwambia kitu kimoja tu: "Nakaa na mwenzangu, kule karibu na karakana." Mwalimu hakumhoji. *Mwenzangu* ni neno pana kama mkeka. Mfanyakazi mwenzako anakaa, rafiki anakaa, na mke anaweza kujinyoosha katikati.

Alisoma insha ya fundi chumba cha walimu, akiwa amesimama. Mtu anayeishi na fundi ni yeye wa kike. Yeye wa kike ndiye anayempigia shati pasi. Analala kitanda cha dirishani na anakoroma kidogo. Fundi alipougua kifua, yeye wa kike alimkanda kwa mafuta siku tatu. Anapika supu nzito. Hataki fundi atoke usiku kabla ya mtihani.

Sarufi ilikuwa safi. Hakuna hata *yeye* mmoja wa kiume katika kurasa mbili na nusu. Mwalimu alitafuta kosa la kulitia wino mwekundu, akakosa. Akaandika chini: *Kumi kwa kumi. Hongera kwa nyumba yako.* Kisha akazima simu.

Aliiwasha Jumatano kwa ajili ya shangazi yake tu, aliyemlea, ambaye hupiga kila katikati ya wiki.

"Mbona sauti imekauka, mwanangu?"

"Yule fundi ana mke, shangazi."

"Nani kakwambia?"

"Kaandika mwenyewe. Mpaka mashati anapigiwa pasi."

"Kaandika kwa lugha gani?"

"Kiingereza."

"Mimi Kiingereza changu kinaishia 'gudi moning'. Lakini mtu akikiri kwa lugha ya kuazima, muulize tena kwa lugha yake. Umemuuliza?"

"Nimuulize nini, shangazi? Nimesoma kwa macho yangu."

"Haya, mwalimu," alisema shangazi. Akishakuita kwa cheo, ujue amekasirika.

Fundi alipewa insha yake Alhamisi, kwa mkono wa katibu wa chuo. Aliruka kwa zile kumi, kisha akasoma mstari wa chini mara nne. Alikuwa amepiga simu siku mbili bila kujibiwa. Alipofika nyumbani alimpa karatasi mwenzake.

Mwenzake alikuwa mwenyeji, opereta wa kreni mstaafu mwenye miaka sitini na sita, kifua kama pipa na sharubu nyeupe zilizovuka masikio. Fundi alimwita Sharubu. Kiingereza chake alikiokota bandarini kwa mabaharia. Alivaa miwani, akasoma, akaivua, akaivaa tena.

"Kijana, humu mimi ni nani wako?"

"Mwenzangu."

"Humu mimi ni mkeo."

"Acha utani, mzee."

"Mkeo! Nakukanda kifua!" Sharubu alicheka mpaka akakohoa. Fundi hakucheka. Alifungua jalada la daftari, akaitazama ile sentensi aliyoipigia mstari.

Ijumaa saa tano na nusu walikuwa chini ya jengo la chuo. Lifti ilikuwa mbovu.

"Naishi na fundi wa lifti," Sharubu alisema akishika reli, "na bado napanda ngazi kwa magoti haya."

"Panda, mzee. Maneno utayamalizia juu."

Mwalimu alikuwa mbele ya meza ya katibu, koti lake la haradali limefungwa hadi shingoni kana kwamba ndege inamsubiri nje. Kalamu nyekundu ilikuwa juu ya kisanduku cha *sitaendelea*. Fundi aliingia akihema.

"Mwalimu, nimekuja kukata rufaa. Alama zangu zimezidi."

"Mwambie mkeo akusaidie kuhesabu."

"Nimekuja naye."

Mwalimu akageuka. Mlango ukajaa Sharubu. Alivua kofia, akafuta jasho, akasema kwa Kiingereza chake cha bandarini, polepole na kwa heshima, kwamba yeye wa kike ndiye huyu hapa.

Mwalimu aliangalia sharubu za kushoto, akahamia za kulia. Alichukua insha mkononi mwa fundi, akaanza kutia miduara myekundu, mmoja baada ya mwingine, kurasa mbili na nusu. Katibu hakuelewa neno lakini aliacha kuchapa.

"Arobaini na moja," mwalimu alisema. "Kosa moja, mara arobaini na moja."

"Ulisema nikiwa na shaka niandike wa kike."

"Ulikuwa na shaka na *huyu*?"

"Sikuwa na shaka naye. Nilikuwa na shaka na Kiingereza."

Kicheko kilimfika kooni, lakini fundi alikuwa bado hajamaliza, na sasa hakuwa anatania.

"Siku tatu umenizimia simu. Mji mzima huu, watu tunaoelewana kwa lugha ya mama ni mimi na wewe. Hukunipa hata neno moja? 'Una mke?' Maneno mawili, dada."

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Kwa Kiingereza iliniuma kidogo, kama habari ya mtu mwingine. Ungeniambia kwa Kiswahili, ningelazimika kuamini."

Fundi akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne, yenye alama ya kidole cha grisi pembeni.

"Nimeandika nyingine. Fupi."

Kichwa kilikuwa "Mtu Ninayetaka Kuishi Naye". Chini yake neno moja la Kiingereza.

"Wewe," mwalimu alisoma.

"Nimemuuliza mzee. Huyu 'wewe' hana wa kike wala wa kiume, hata kwa Kiingereza. Hapo siwezi kukosea."

Sharubu, ambaye hakujua Kiswahili, aligeuka akaangalia madirisha ya ng'ambo ya barabara. Saa ya ukutani ilibakiza dakika tano. Mwalimu aliinama, akatia tiki kwenye kisanduku cha *nitaendelea*.

"Wino mwekundu haupokelewi," alisema katibu.

Sharubu akatoa kalamu yake ya buluu. Mwalimu akarudia tiki juu ya tiki, akaweka sahihi, akafungua kifungo cha kwanza cha koti.

"Kesho laini ya nane," alisema bila kumtazama fundi. "Mayai yako usiyaivishe kupita kiasi."

"Na insha yangu?"

Aliiweka juu ya meza ya katibu, akaandika kwa nyekundu, akamsogezea. Fundi alisoma.

"Sita? Sita kwa kumi? Neno moja, na ni sahihi!"

"Ni fupi mno. Nne zilizobaki utazipata nyumbani, mbele ya shangazi. Na kule utajieleza kwa Kiswahili."