Hatua Aliyoificha Stanislas

Posta ya Elisabethville ilikuwa imefurika watu siku ile ya mwaka 1961, Katanga ikijiita nchi, Stanislas alipomkanyaga Léonie mguu. Msichana alivaa kitenge cha njano, mkononi ana daftari la kemia.

"Bwana, weye unatembeaka na macho mu mufuko?"

"Pardon, mama. Hesabu ya pa daftari yako naijua. Niko natumika ku laboratoire."

"Basi utanifundisha. Njo vile utaponesha muguu yangu."

Alimfundisha miezi mitatu, na mapenzi yakaingia bila kubisha hodi. Léonie alitaka kazi ya maabara kule Jadotville. Ulikuwa umebaki mtihani tu. Lakini Stanislas alikuwa mtu wa Kasai, na askari hawakuwaruhusu watu wa Kasai kutoka mjini, kwa barabara wala kwa reli. Léonie akienda, yeye atamfuataje? Basi kijana mzima, msomi, akaamua kuruka hatua moja katika somo.

Asubuhi ya mtihani Léonie alifika uani kwa Stanislas amevaa gauni la buluu lililopigwa pasi, anacheka.

"Niulize, chéri. Chuma gramu 28, sulfate ya shaba gramu 40. Nini itaisha mbele, ya kwanza? Chuma, juu ya gramu yake kuwa kidogo. Shi ni vile?"

Stanislas akatazama chini.

"Hapana. Nilikudanganya. Usilinganishe gramu. Gawa kwanza kwa uzito wa moli moja. Chuma, 28 kwa 56, ni nusu moli. Sulfate, 40 kwa 160, ni robo. Moli moja ya chuma inakula moja ya sulfate. Njo sulfate itaisha mbele, chuma itabakia."

"Na shaba itatoka ngapi?"

"Fuata ile yenye kuisha. Robo mara 64: gramu kumi na sita."

Léonie akauliza, "Juu ya nini, Stani?"

"Niliogopa utaenda, miye nibakie."

Hakumtukana. Angemtukana, ingekuwa nafuu. Aliokota mkaa, akairudia hesabu ukutani mara tatu, akaondoka bila kuaga.

Alifaulu. Siku ya safari Stanislas alisimama stesheni kama mwizi aliyekuja kurudisha mbuzi. Furaha ya mpenzi wake ilimuuma, na kule kuumia kukamtia aibu zaidi. Léonie alimwona, akafungua dirisha la treni.

"Mapendo iliisha?" Stanislas aliuliza.

"Mapendo iko mingi. Confiance, kule kukuamini, njo ilimalizika mbele."

"Naweza kuiongeza?"

"Andika barua. Lakini kila neno ntalipima miye mwenyewe."

"Hata nikisema nakupenda?"

"Ile njo ntaanza nayo."

Akamnyooshea mkono dirishani. Stanislas aliushika kwa mikono miwili, na Léonie hakuuondoa mpaka treni ikaanza kutembea.